Ugonjwa wa Nyumbu na Chanjo Yake: Mwongozo kwa Mfugaji wa Migato

Kati ya Machi na Julai, mfugaji wa mashariki ya Simiyu akimwona ng'ombe ameinamisha kichwa, anakwepa jua, makamasi mazito yamemgandia puani na macho yote mawili yameanza kuingia ukungu mweupe, kuna swali moja la kujiuliza kabla ya kukimbilia duka la dawa: huyu ng'ombe alichungwa wapi mwezi wa pili? Kama jibu ni karibu na mpaka wa pori, mahali ambapo nyumbu walikuwa wanazaa, basi huenda mfugaji yuko mbele ya ugonjwa usio na tiba, unaoua karibu kila ng'ombe anayeonyesha dalili zake. Pesa ya sindano atakayochoma siku hiyo haitamrudishia mnyama.

Migato ni kata ya Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Kwa upande wa mashariki Itilima inapakana na Pori la Akiba la Maswa, na ng'ambo ya pori hilo ndiyo Serengeti. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi, nyumbu huzaa kwenye mbuga za nyasi fupi kusini mwa Serengeti, kuzunguka Ndutu, na makundi mengine husogea hadi ndani ya Maswa na eneo la Makao kule Meatu. Ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki mbili tatu tu. Wakati huohuo Msukuma yuko shambani. Mahindi, mtama na pamba vimeshika ardhi yote ya karibu na nyumba, ng'ombe hawana pa kukanyaga, na vijana wanawasukuma mbali kufuata majani. Msimu wa kulima na msimu wa nyumbu kuzaa inagongana, na mara nyingi anayelipia ni maksai wa plau au mtamba aliyekuwa anasubiriwa azae.

Wafugaji wanauita ugonjwa wa nyumbu, na makala haya yatatumia jina hilo. Unasababishwa na kirusi cha jamii ya hepesi, familia ileile yenye virusi vinavyoleta malengelenge ya mdomoni kwa binadamu. Tabia kubwa ya familia hii ni kwamba kirusi akishaingia mwilini hatoki tena. Hujificha kwenye seli maisha yote. Nyumbu wamezoeana naye. Wanazaliwa, wanaambukizwa wakiwa wachanga, wanaishi naye hadi kufa bila kuugua. Ng'ombe hana mazoea hayo. Kwake kirusi huvuruga askari wa mwili wenyewe: chembe nyeupe za damu zinaongezeka ovyo, zinavamia mishipa ya damu, macho, utando wa mdomo na wa pua, figo na ubongo. Kwa hiyo mnyama anauawa zaidi na vurugu ya kinga yake mwenyewe kuliko wingi wa virusi.

Anayemwaga virusi ni ndama wa nyumbu. Katika miezi yake mitatu hadi minne ya mwanzo, maji ya macho na ya pua yake yamejaa virusi, na anayaacha kwenye majani, kwenye maji na hewani. Jua kali huviua virusi hivyo ndani ya saa chache. Ubaridi, umande na mawingu huvipa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana kuchunga alfajiri kwenye nyasi zenye umande, mahali nyumbu walipolala, ni hatari kuliko kupita hapohapo jua likiwa limewaka tangu asubuhi.

Wafugaji wa Kimasai wamesema kwa vizazi vingi kwamba ubaya uko kwenye kondo la nyuma ambalo nyumbu hulitupa porini anapozaa. Wataalamu waliipuuza hoja hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania walitangaza kwamba wamepima sampuli 94 za kondo la nyumbu na kukuta vinasaba vya kirusi katika zaidi ya nusu yake, ingawa kwa kiwango kidogo. Hiyo haikufuta ukweli kwamba ndama ndiye msambazaji mkuu, lakini iliwapa wazee haki yao: mahali pa kuzalia nyumbu ni pa kuepuka, hata kama ndama wameshahama.

Jambo jingine ambalo mfugaji anapaswa kulishika, maana linapunguza hofu na hasara: ng'ombe mgonjwa hamwambukizi ng'ombe mwenzake. Ugonjwa ukishafika kwa ng'ombe umefika mwisho wa njia. Wakifa watatu kwenye zizi moja, wote watatu waliupata kwa nyumbu. Na hakuna binadamu anayejulikana kuugua kwa kirusi hiki.

Jinsi ya kuutambua

Kuanzia siku ng'ombe alipovuta kirusi hadi dalili zionekane hupita wiki tatu, wakati mwingine miezi kadhaa. Hapo ndipo wengi wanapotea. Ng'ombe alikutana na nyumbu Februari, amerudi nyumbani amenona, anaugua Mei wakati nyumbu wameshahama, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Huanza kwa homa kali, nyuzi joto 40 hadi 42. Mnyama anaacha kula, maziwa yanakatika ghafla. Siku moja au mbili baadaye machozi yanatiririka mfululizo na mnyama anafumba macho akitazamishwa juani. Hapa msogelee umtazame vizuri, mtu mmoja akimshika pembe. Ukungu wa ugonjwa wa nyumbu huanzia ukingoni mwa kioo cha jicho, pale cheupe kinapokutana na cheusi, kama pete nyembamba ya rangi ya maziwa, kisha hutambaa kuelekea katikati hadi mnyama anapofuka. Kwa kawaida hushika macho yote mawili. Fungua mdomo: ufizi ni mwekundu sana, ncha za vile vidole vidogo vya ndani ya shavu zimekatika na zimekuwa nyekundu au nyeusi, mate yananing'inia. Puani makamasi yanakuwa mazito kama usaha, yanakauka na kutengeneza ukoko unaomfanya apumue kwa shida. Pitisha mkono mbele ya bega na mbele ya paja: mitoki imevimba pande zote mbili. Wengine wanaharisha, wengine ngozi ya pua inabanduka, wengine wanatetemeka, wanayumba au wanakuwa wakali. Kifo hufuata mara nyingi ndani ya wiki moja hadi mbili.

Magonjwa mengine yanafanana na huu, na kuyachanganya kunagharimu. Ndigana kali nayo huleta homa na mitoki, na inaweza hata kuufanya weupe uingie machoni, lakini uvimbe wake huanza kwenye tezi ya chini ya sikio, ng'ombe huwa na kupe, na mwishoni hukohoa na kutoa povu puani. Ndigana ina dawa ikiwahiwa, hivyo kuifananisha na ugonjwa wa nyumbu na kukata tamaa ni kosa kubwa kama kosa la kinyume chake. Ugonjwa wa miguu na midomo huonekana kwa mate na vidonda, lakini hushambulia pia kwato, na husambaa kwa wengi ndani ya siku chache huku ng'ombe wakubwa wanaokufa wakiwa wachache. Ugonjwa wa macho wa kawaida, ule unaoletwa na nzi na vumbi, hauna homa kali. Mnyama anaendelea kula, na doa jeupe huanzia katikati ya jicho, mara nyingi jicho moja.

Kimeta ni jambo la kuangalia kabla ya yote. Ng'ombe aliyekufa ghafla bila kuugua, tumbo limevimba haraka na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, asipasuliwe na asiguswe kwa mikono mitupu. Aitwe afisa mifugo. Kimeta kinaua watu.

Nani anaitengeneza chanjo

Habari za chanjo hii zinaanzia Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye maabara ya mifugo iliyohudumia Afrika Mashariki yote. Mwaka 1960 daktari wa mifugo Mwingereza Walter Plowright na wenzake walimpata kirusi huyu kwa nyumbu na kuthibitisha kwamba ndiye anayeua ng'ombe. Plowright huyohuyo ndiye aliyetengeneza chanjo ya sotoka iliyotumika kuifuta sotoka duniani, kazi iliyotangazwa kukamilika mwaka 2011. Kwa chanjo ile alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999.

Mafanikio yale yalikuwa na upande mwingine ambao wafugaji wa ukanda wa Serengeti waliuhisi zizini. Sotoka ilikuwa ikiua pia ndama wa nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa na sotoka ikatoweka, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wengi maana yake ndama wengi, na ndama wengi maana yake malisho mengi yasiyokanyagika kwa miezi kadhaa kila mwaka. Taifa lilinufaika na nyumbu hao kwa utalii. Mfugaji alibaki na ugonjwa wao bila kinga, na kwa maoni yangu deni hilo halijalipwa.

Plowright alijaribu kulilipa. Alitengeneza chanjo ya virusi vilivyouawa, akawachoma ng'ombe, na damu yao ikatoa kingamwili za kutosha. Walipopewa kirusi hai, wakafa. Matokeo hayo yaliyotangazwa mwaka 1975 yaliwavunja moyo watafiti kwa miaka mingi. Ilikuwaje mnyama mwenye kinga kwenye damu afe?

Jibu lilikuja polepole. Kirusi akishavuka utando wa pua na koo na kuingia kwenye chembe nyeupe, kingamwili za kwenye damu haziwezi kumgusa tena. Yuko ndani ya seli, na madhara yameshaanza. Mlinzi lazima akae langoni, si sebuleni. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti ya Moredun, karibu na mji wa Edinburgh huko Uskoti, wakachukua aina ya kirusi iitwayo C500, iliyotokana na ng'ombe mgonjwa wa Kenya, ambayo ilikuwa imekuzwa tena na tena kwenye seli za maabara hadi ikapoteza ukali wake. Waliichanganya na mafuta maalumu yanayochochea kinga, wakaichoma kwenye msuli wa juu ya shingo. Lengo lilikuwa kingamwili zijae kwenye ute wa pua na koo, mahali kirusi anapoingilia. Mwaka 2008 walitoa matokeo: ng'ombe tisa kati ya kumi waliochanjwa waliokoka walipopewa kirusi kikali kupitia puani. Mwaka 2012 wakaonyesha kwamba kinga hiyo inaweza kudumu hadi miezi sita, hata kwa kutumia kichocheo chenye leseni.

Miezi sita inaonekana michache. Kwa ugonjwa wa msimu inatosha kabisa, mradi sindano iwahi.

Maabara ya Uskoti siyo mbuga ya Simanjiro, ikabidi chanjo ije nyumbani. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje waliipeleka kwenye nyanda za Simanjiro, mkoani Manyara, kwa misimu miwili ya nyumbu kuzaa. Kila msimu walikuwa na kundi la ng'ombe 50 waliochanjwa na 50 wasiochanjwa, chotara wa zebu wetu wa pembe fupi, wakapelekwa kuchungwa kuelekea nyumbu kwa makusudi. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Chanjo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 56. Lakini ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa walikuwa wachache kwenye makundi yote mawili, hivyo haikuwezekana kusema kama chanjo inazuia kifo. Waliosoma kichwa cha habari tu walidhani chanjo imeshindwa. Haikushindwa, jaribio halikupata vifo vya kutosha kupimia.

Vifo vilipatikana Kenya. Mwaka huo wa 2016, kwenye shamba kubwa la Kapiti, kusini mashariki ya Nairobi, ng'ombe 146 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata chanjo, nusu sindano isiyo na chanjo, mara mbili kwa kupishana mwezi mmoja. Mwezi mmoja baada ya sindano ya pili waliachwa wachunge pamoja na nyumbu. Ugonjwa uliua ng'ombe 25, na kila kifo kilithibitishwa kwa kipimo cha vinasaba. Wanne walikuwa wamechanjwa. Wengine 21 hawakuwa wamechanjwa. Waliopata madhara ya sindano walikuwa wachache. Hesabu ya watafiti, iliyochapishwa mwaka 2019, iliweka ufanisi wa chanjo kwenye asilimia 80.6, huku wakieleza kwamba kwa idadi ile ya ng'ombe ukweli unaweza kuwa mahali popote kati ya asilimia 46.5 na 93.

Mfugaji aisome takwimu hii kama anavyosoma mnada. Katika kundi lisilochanjwa, karibu watatu kati ya kila kumi walikufa kwa msimu mmoja. Katika kundi lililochanjwa alikufa kama mmoja kati ya kila kumi na wanane. Hata kama ufanisi kwa zebu wa Itilima utakuja kuwa chini ya huo, bado ni ng'ombe wengi wanaobaki zizini.

Kuhusu uwezekano wenyewe wa kupata chanjo dhidi ya hepesi ya mifugo, wafugaji wa kuku wana ushahidi mkononi. Ugonjwa wa Marek, unaopoozesha miguu ya kuku na kuwaletea uvimbe wa saratani, ni wa hepesi pia, na vifaranga wa mashamba makubwa duniani huchanjwa dhidi yake siku ya kwanza ya maisha yao. Kwa kondoo jambo bado ni gumu zaidi: nao wana hepesi yao inayoweza kumwua ng'ombe kwa dalili zilezile, na kirusi huyo amekataa kabisa kukuzwa kwenye seli za maabara, hivyo kumtafutia chanjo ni kazi ngumu zaidi. Kufanana huko kwa dalili ni sababu mojawapo ya kutotegemea macho pekee kutambua ugonjwa.

Sindano uliyochoma ni ya nini?

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo pale Nyakabindi, Bariadi. Ni jambo kubwa kwa Simiyu, na Serikali imebeba sehemu ya gharama ili mfugaji alipe kidogo. Ng'ombe wanachanjwa dhidi ya homa ya mapafu, mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka yao, kuku wa asili nao wamo. Mifugo inavalishwa hereni.

Hereni hiyo haimaanishi kinga dhidi ya kila kitu. "Daktari, hawa walishachomwa, mbona wanakufa?" Swali hili husikika kila zizi lenye msiba, na bwana mifugo anapaswa kulijibu bila kuudhika. Chanjo ya homa ya mapafu inazuia homa ya mapafu. Chanjo ya kimeta inazuia kimeta. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomgusa kirusi wa nyumbu, na mfugaji aliyewachanja ng'ombe wake asiwapeleke kwenye mazalio ya nyumbu akidhani wana ulinzi. Lakini pia asiache kuwachanja kwa kuona kwamba chanjo "haikusaidia". Ilisaidia kwa kazi yake.

Chanjo ya ugonjwa wa nyumbu yenyewe haiuzwi madukani. Anayepita mnadani akitoa chupa na kusema ndiyo chanjo ya nyumbu anakudanganya. Mwulize jina la dawa, cheti chake na nani amemtuma, kisha mpeleke kwa afisa mifugo. Hali ni hiyohiyo kwa sindano za oksitetrasaiklini zinazochomwa kila macho yakiwa meupe. Dawa hiyo huua bakteria, si virusi. Inaweza kusaidia kama jicho lilikuwa na ugonjwa wa kawaida, lakini kwa ugonjwa wa nyumbu inakula pesa na kuweka mabaki ya dawa kwenye nyama na maziwa.

La kufanya msimu huu

Kwa sasa kinga ni umbali na wakati. Mwishoni mwa Desemba, kabla nyumbu hawajaanza kuzaa, kaya zinazopeleka ng'ombe upande wa pori zikae na mwenyekiti wa kijiji zipange nani anachunga wapi hadi Juni. Ng'ombe wa maziwa, wenye mimba, maksai wa plau na mitamba wabaki karibu. Kama lazima baadhi waende mbali, wawe wale ambao kifo chao hakitaiangusha kaya. Inauma kusema hivyo, lakini ni heri uchague wewe kuliko ugonjwa ukuchagulie.

Tatizo kubwa ni majani ya kuwalisha wanaobaki wakati mashamba yamefungwa. Hapa Msukuma ana silaha yake: ngitili, eneo la malisho linalofungwa ili majani yahifadhiwe. Mkoa wa Shinyanga wa zamani, uliokuwa pamoja na Bariadi, ulirudisha ngitili nyingi kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986. Kwa mazoea ngitili hufungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Napendekeza kijiji kinachoathirika na nyumbu kitenge kipande kimoja cha ngitili kifunguliwe Februari hadi Mei kwa ajili ya ng'ombe wachache wa thamani, na kipande kingine kiendelee kusubiri kiangazi. Mabua ya mahindi na mtama ya mwaka uliotangulia, yakihifadhiwa juu ya kichanja yasiloane, yatasaidia pia.

Wachungaji, ambao mara nyingi ni vijana wadogo, waelezwe kwa maneno machache wanayoweza kuyakumbuka. Usiwachanganye ng'ombe na nyumbu wenye ndama. Usiwanyweshe lambo moja na nyumbu. Usiwalaze wala kuwachunga mahali nyumbu walipozalia, hata kama pametulia. Umande ukiwepo, subiri jua. Ukiona ndama wa nyumbu wa rangi ya kahawia hafifu, wale ambao hawajaanza kuwa weusi kama mama zao, hao ndio wabaya, geuza njia.

Kuingiza mifugo ndani ya Pori la Akiba la Maswa ni kosa kisheria, jambo ambalo kila mfugaji wa huko analijua kwa faini na ng'ombe waliokamatwa. Msimu wa kuzaa nyumbu sheria na afya ya ng'ombe vinasema kitu kimoja. Na asitokee wa kuona dawa ni kuwaua nyumbu: ni wanyama wanaolindwa, ni wengi mno, na kumuua mmoja aliyevuka mpaka hakupunguzi hatari ya waliobaki.

Ng'ombe akishaugua, mtenge na wenzake kwanza, kwa sababu hujui bado kama ni ugonjwa wa miguu na midomo. Mweke kivulini, mpe maji. Mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, mwambie tarehe na mahali alipochungwa tangu Januari. Mwombe achukue damu kwenye chupa yenye kizuia kuganda, na mnyama akifa, kama kimeta kimeondolewa kwenye shaka, achukue vipande vya mitoki na bandama. Sampuli ziwekwe kwenye kasha lenye barafu, zipelekwe Wakala ya Maabara ya Veterinari, ambayo ina kituo chake Mwanza kwa kanda ya ziwa. Nyama ya mnyama aliyechinjwa akiwa mahututi isigawiwe kabla ya kukaguliwa. Ikithibitika ni ugonjwa wa nyumbu, wengine zizini hawahitaji kuchinjwa wala kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hawakuambukizwa na marehemu. Kuwauza kwa woga ni hasara ya pili juu ya ya kwanza.

Chanjo ikifika

Kalenda ya Kapiti inatufundisha namna ya kujiandaa. Sindano mbili zinazopishana mwezi mmoja, kisha mwezi mwingine wa kujenga kinga, na kinga inayotegemewa kwa karibu nusu mwaka. Kwa Itilima hiyo maana yake sindano ya kwanza mwanzoni mwa Novemba, ya pili mwanzoni mwa Desemba, ng'ombe wawe tayari mwezi wa kwanza. Kila mwaka tena. Itachomwa juu ya shingo, na kwa kuwa ina kirusi hai kilichopunguzwa ukali, italazimika kukaa kwenye ubaridi kutoka kiwandani hadi shingoni. Kasha la barafu likifunguliwa juani kwa saa tatu wakati watu wanasubiriana joshoni, kinachochomwa baada ya hapo ni maji. Halmashauri inayotaka chanjo hii siku moja ianze leo kuhesabu majokofu yake ya sola na kukarabati makorido ya kukamatia ng'ombe.

Nchi yetu si ngeni kwa kazi hii. Taasisi ya Chanjo iliyoko Kibaha tayari inatengeneza chanjo za kimeta, chambavu na kideri. Kinachokwamisha chanjo ya nyumbu ni soko: ugonjwa uko hasa kwenye vijiji vya pembezoni mwa hifadhi, kama vya Tanzania na Kenya, na kampuni ikiangalia vitabu haioni faida ya haraka. Kwa hiyo idadi ya vifo vilivyothibitishwa maabara ina uzito. Ng'ombe aliyekufa Migato na kuliwa na fisi bila sampuli hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote, na kwa anayepanga bajeti Dodoma hakufa kwa ugonjwa wa nyumbu. 

Basi msimu ujao, kila kijiji cha kata hii kiwe na daftari moja kwa mtendaji: jina la kitongoji, tarehe ya kifo, dalili za macho na pua, mahali ng'ombe alipochungwa, na kama sampuli ilikwenda Mwanza. Nakala ya daftari hilo ifike kwa afisa mifugo wa wilaya kila Julai, na diwani aisome kwenye baraza la madiwani.